Kafara ya Kitanda cha Shemsa

Watu husema hasira hasara. Mimi, Bi Time wa Malindi ya Unguja, nimeishi na hasira zangu miaka mingi na hasara yake sijaiona. Iko moja niliitunza kama mtu anavyotunza kuku wa sikukuu, nikailisha, nikaifunika, mpaka siku yake ilipofika. Wala haikuwa yangu. Ilikuwa ya jirani yangu Pandu Kificho, lakini Pandu alikuwa mpole mno kuibeba peke yake, nikamsaidia.

Pandu alikuwa hamali bandarini. Mwaka wa sitini na sita kamba ya winchi ilikatika, magunia ya karafuu yakamwangukia mguuni. Hospitali wakaukata juu ya goti. Mwanamume kifua kama mlango akarudishwa kwa mkewe, Mwanakheir, amelazwa kwenye mkokoteni ule ule aliokuwa akiusukuma.

Siku hizo ilikuwapo posho ya vilema wasioweza kazi. Pandu akaandikishwa. Haikuwa nyingi, lakini ilinunua unga na mafuta ya taa, na mimi nasema haki: lilikuwa jambo jema. Ubaya haukuwa kwenye posho. Ubaya ulikuwa kwenye dirisha la kuipokelea, maana nyuma ya dirisha lile alikaa Bakar Mwalim. Huyo alikuwa karani wa kupiga pasi hata leso ya mfukoni, na aliigawa posho kama anayetoa mali ya baba yake.

Miezi ya mwanzo Pandu alikaa ndani akiutazama ukuta. Mpaka siku moja kamba za kitanda chao zikakatika, na fundi wa kukiwamba akawa hapatikani. Sasa Pandu mama yake ni mtu wa Bwejuu, kule ambako wanawake hufukia makumbi ya nazi ufukweni, wakayafukua yameoza, wakayaponda na kuyasokota kamba. Amekulia humo. Akajiburuta mpaka kwenye kitanda, akakiegemeza kile kigutu chake kwenye tendegu, akaanza kuvuta. Alipomaliza alikipiga kitanda kwa kiganja, nacho kikalia kama ngoma. Mwanakheir alinambia kwamba usiku ule mumewe alicheka, kwa mara ya kwanza tangu hospitali.

Basi habari zikaenea. Madukani magodoro hakuna, kila mtu amerudi kwenye kitanda cha kamba, na mkono kama wa Pandu mji mzima haukuwapo. Walileta wa Malindi, wakaleta wa Ng'ambo, hata Bi Jenabai mwenye duka la vitambaa alikileta cha mama mkwe wake. Pandu akawa anakaa barazani asubuhi mpaka alasiri, kamba mdomoni, akiwajibu wapita njia bila kuinua kichwa. Hakuwa akitoa kitanda kabla ya kukipiga kiganja na kukisikiliza. Kisipolia, alikifumua chote akaanza upya, na mwenye kitanda akasirike anavyotaka.

Mwaka wa sitini na tisa, siku moja ya posho, nilimsindikiza mimi, kwa kuwa Mwanakheir alikuwa mja mzito na miezi imemlemea. Foleni ndefu, vilema wa kila namna. Alipofika dirishani, Bakar hakumpa kitu.

"Nyosha mikono," alimwambia.

Pandu akanyosha. Bakar akaishika, akaigeuza viganja juu, akawaita watu waliokuwa nyuma yetu.

"Njooni mtazame sugu hizi! Hii mikono ya mtu asiyeweza kazi? Mwizi huyu. Anakula posho ya vilema na huku ana karakana barazani kwake!"

Palepale akamfuta. Pandu alibaki ameinyosha mikono yake pale dirishani hata baada ya Bakar kuiachia, mpaka nikaishusha mimi. Hapo ndipo hasira ilipozaliwa, na nikaichukua nyumbani.

Haikuisha wiki, akaja mtu wa kodi. Alikuwa amesikia kwamba Pandu ni fundi, na fundi hukata leseni. Pandu akatoa alichonacho. Mwisho wa mwezi, baada ya kununua kamba na kulipa kodi, kilichobaki hakikufikia hata ile posho aliyokatiwa. Akaja kwangu, akakaa kwenye kizingiti.

"Bi Time, hebu nifahamishe. Nikikaa nnalipwa. Nikifanya kazi nnalipishwa. Sasa miye nifanye nini?"

Mwanakheir alikuwa ameshajifungua, na mtoto hangoji jibu.

Akarudi dirishani kuomba. Bakar akasema atamrudisha, lakini kwa sharti. Akatoa Msahafu kwenye mtoto wa meza, akamwapisha mbele ya watu: "Wallahi, sitawamba kitanda tena." Sheria ya posho haikutaja Msahafu popote. Huo Bakar aliuleta mwenyewe kutoka kwake, kwa sababu kumnyima mtu hakukumtosha, alitaka pia kumtia pingu. Na si Pandu peke yake. Kipofu aliyekuwa akisuka majamvi, mama mwenye mkono mmoja aliyekuwa akiuza ubuyu, mshona makubadhi asiyeweza kusimama, wote aliwashika mikono akaitafuta kazi ndani yake, na alipoiona akawafuta. Mwizi wa kweli angemponyoka, maana mwizi hana sugu.

Pandu akakaa. Miaka miwili alikaa. Nilikuwa nikimwona barazani, vidole vinasokota nyuzi za kikoi chake, vinasokota na kusokotoa, mpaka kikoi kikaisha pembeni. Watu walipompitishia vitanda alitikisa kichwa. Alinenepa uso, akanyamaza, akaanza kumkemea mtoto. Posho aliipata kila mwezi, na kila mwezi alizidi kuzeeka.

Mwaka wa sabini na moja Bakar akamposesha binti yake, Shemsa. Na somo wa Shemsa, aliyemfunda tangu alipovunja ungo, ni nani? Ni mimi. Mungu hamtupi mja wake.

Wageni wanadhani harusi ni pilau na ngoma. Sisi tunajua harusi ni kitanda. Bwana huja kukaa fungate nyumbani kwa mke, siku saba, na bibi harusi hupokea wageni juu ya kitanda chake. Wanawake wa upande wa mume huja, wakapanda wakakaa naye, na macho yao si kwenye hina, yako chini wanapokalia. Na hao wakwe walikuwa watu wa Bwejuu. Mtu wa Bwejuu humwambii habari ya kamba.

Jumanne, harusi Ijumaa, nikaitwa kukitazama kitanda. Kilikuwa kimewambwa na mtu wa Ng'ambo. Nikakaa katikati, nikazama. Kwa harusi nyingine ningesema kitafaa, kikazwe kidogo. Siku ile nilikitazama, nikamtazama Bakar, na ile hasira yangu ikainua kichwa.

"Hiki kitanda au bembea?" nikauliza, na nyumba imejaa watu. "Wakwe wa Bwejuu wakalie hiki? Kitawambwa na Pandu Kificho, au nipeni buibui langu nende zangu."

Somo akiondoka na buibui lake siku tatu kabla ya harusi, mji mzima utauliza bibi harusi ameonekana na kasoro gani. Mama yake Shemsa akaanza kulia. Bakar akatoka bila ya kofia.

Nilimfuata. Nisingekikosa kioja kile hata kwa dawa.

"Hodi!"

"Karibu, Ndugu Bakar," Pandu akajibu toka barazani, vidole kwenye kikoi.

"Pandu, kitanda cha mwanangu. Njoo ukiwambe, ntakulipa utakacho."

"Miye kilema. Kilema hafanyi kazi. Ulinambia mwenyewe."

"Yale yalikuwa ya ofisini."

"Na Msahafu nao ulikuwa wa ofisini?"

"Mimi nilokuapisha, mimi nakufungulia."

"Sikuapa kwa jina lako."

Mtaa mzima ulikuwa madirishani. Hapo nikaingia mimi, kwa sauti tamu kabisa.

"Mbona jepesi hilo? Yamini ina kafara. Kulisha maskini kumi mpaka washibe. Kila mtoto wa chuo anajua."

"Naam," akasema Pandu, na nikaona jicho lake limeamka. "Lakini miye nlishe maskini kumi kwa posho ile? Kafara atatoa aliyenilisha yamini. Na hao kumi ntawachagua miye."

Aliwachagua, na sina haja ya kukwambia ni kina nani.

Jumatano walikuja. Kipofu wa majamvi, mama wa ubuyu, mshona makubadhi kabebwa mgongoni na nduguye, wote kumi, waliofutwa dirisha moja. Wakakalishwa juu ya jamvi la harusi, barazani kwa Bakar, mchana kweupe. Mchele ulikuwa wa mgao mwaka ule, na gunia lile Bakar alikuwa amelikusanya kwa taabu kwa ajili ya wakubwa wake wa kazi. Likafunguliwa. Pandu akakaa kwenye kiti mkabala nao, yeye hali, maana kafara ni yake.

"Wanawishe," akasema.

Bakar akamwita mtumishi alete birika.

"Si mtumishi. Weye."

Akashika birika. Mmoja mmoja wakanyosha mikono juu ya beseni, viganja juu, vile vile alivyowafundisha. Hakuna aliyemsaidia kwa kuigeuza viganja chini. Ikambidi aione yote, sugu na makovu, na maji yamwagike taratibu. Kipofu alikaa mikono imenyoshwa muda mrefu kuliko maji yanavyohitaji, akauliza, "Umeshatazama vizuri, bwana? Au nikusogezee?" Mimi nilicheka. Sikuficha kicheko changu, na hata leo siombi radhi.

Walikula mpaka wakashiba. Mama wa ubuyu aliomba ukoko, akaletewa.

Kisha Pandu naye akanyosha mikono yake. "Ninawishe na miye. Nnakwenda kushika kamba za mwanao."

Bakar akamimina, na nilipoitazama mikono ile kicheko kilinikauka. Ilikuwa laini. Ilikuwa laini kama ya Shemsa ndani ya hina, viganja vya hamali wa Malindi.

"Hii ndiyo mikono ulotaka," Pandu akamwambia. "Itazame. Kazi yako hii."

Alhamisi alikiwamba. Ngozi ilimchubuka, tukamfunga vitambaa, akavuta. Alifumua mara mbili. Alasiri alikipiga kiganja, nacho kikalia mpaka barazani, na Pandu akafumba macho.

Ijumaa jioni wakwe wakapanda, wakakaa, wakagonga kwa vidole. Bibi mkubwa wa Bwejuu akauliza, "Nani kawamba hiki? Huyu mtu wetu." Bakar, akitaka kuonekana karimu mbele ya wakwe, akamwita Pandu akatoa bahasha.

Pandu hakuipokea.

"Nikipokea itakuwa kazi," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni. "Kazi ina kodi, na itanifuta posho. Kitanda kichukue sadaka, Ndugu Bakar. Kilema kamsaidia maskini. Sema amina."

Wakwe wote wakamtazama Bakar. Mkono wake na bahasha umebaki umenyoka hewani, na safari hii hakuwapo wa kuushusha.

"Amina," akasema.

Tangu siku ile Pandu aliwamba vitanda barazani kwake mchana kweupe, na siku ya posho alikwenda dirishani akaipokea kwa mikono yenye sugu, na Bakar hakuthubutu kuitazama. Mtu wa kodi naye akawa haijui tena njia ya kwetu. Na kila Bakar alipopita Malindi, Pandu alitoa kamba mdomoni akamwita kwa adabu zake zote:

"Ndugu Bakar! Kitanda hakijalegea? Kikilegea nambie nije nikikaze. Bure."