Ukoka Ulioishi na Shaba

Bana Kabaso, yaani mama yake Kabaso, alikuwa na maneno makali na majivuno tele, na majivuno yenyewe alistahili. Huku Mitondo, kwenye Ukanda wa Shaba wa Zambia, nyumba zetu zimepakana na lundo la mabaki ya mgodi, jeupe, refu kuliko kanisa. Upepo wa Agosti ukivuma, vumbi lake linaingia mpaka kwenye nshima, ugali wetu. Mjukuu wake alikohoa tangu angali ananyonya, na bibi huyu aliapa kuwa hatakufa kabla ya kulifunika lile lundo kwa majani.

Alipata kibarua katika kundi la kina mama wa kupanda ukoka juu ya lundo. Msimamizi, Ng'andwe, aliagiza ukatwe kwenye bustani za nyumba za mabwana wa zamani wa mgodi, maana kila mtu Mitondo anaamini huko ndiko kwenye ukoka wa maana. Miaka miwili walipanda, wakamwagilia, na miaka miwili ukafa.

Bana Kabaso naye alikuwa ameona jambo. Chini ya bomba bovu linalovujisha maji ya shaba kulikuwa na ukoka mwembamba, usiovutia hata mbuzi, uliokuwepo tangu marehemu mumewe alipoanza kazi mgodini. Akauchimba, akaupanda kwenye kopo la tope la mgodi, na ule wa mabwana kwenye kopo la pili. Wiki mbili baadaye akaung'oa wote. Ule mnene wa mabwana, mizizi yake ilikuwa vijiti vyeusi. Ule mwembamba ilikuwa mirefu, myeupe.

"Ukoka ni ule ule, Mama," Ng'andwe akasema. "Huo wako umezoea shida tu."

"Haujazoea, mwanangu, umezaliwa hivyo. Mbegu maelfu zilidondoka pale zikafa. Moja mbili zilikuwa na kitu kwenye damu, zikabaki, zikazaana. Huu ni ukoo mzima."

"Nyasi nazo zina ukoo?"

"Kwani wewe huo ufupi uliuzoea?"

Kina mama walicheka mpaka wakaketi chini. Ng'andwe hakucheka. Aliamuru ukoka wote ukuzwe kitaluni kwanza, kwenye udongo mweusi wenye samadi, kisha uchaguliwe ulio bora. Bana Kabaso alijua ukoka wake hauna ubavu kwenye udongo mzuri. Na kweli, ule wa mabwana ulijaa tuta lake ukamwagika njiani. Wa kwake ukabaki mabaka mabaka.

"Basi umejionea," Ng'andwe akasema. "Tunapanda huu mnene, na tunauwekea jivu."

Jivu la matawi yaliyochomwa ndilo tunalolimia ulezi tangu enzi za mababu, hakuna aliyeweza kulipinga. Bana Kabaso akaomba apewe ubavu mmoja tu, ule unaotazama mtaa, bila jivu.

"Ukifa, na kibarua chako kimekwisha."

"Sawa. Usipokufa, utakuja mwenyewe kuniomba."

Walipanda mvua zilipoanza. Hadi Januari ukoka wa jivu ulipendeza, na wenzake Bana Kabaso wakawa wanamuuliza kama ubavuni kwake anafuga nywele za mzee. Alinuna, lakini hakuomba jivu. Kufikia Machi mvua zilikuwa zimeliosha lile jivu lote. Mizizi ikakutana na shaba yenyewe, na pande tatu za lundo zikawa njano, kisha upara. Ubavu wake ukaendelea kutambaa. Agosti ilipofika, vumbi lilitimka pande zile tatu. Upande wa mtaa likapungua mno, na yule mjukuu akalala usiku kucha bila kukohoa. Bana Kabaso alilia kwa furaha.

Mawingu ya Novemba yalipokusanyika, Ng'andwe alipiga hodi akiwa na magunia matupu.

"Mama, nimekuja kuomba."

Bana Kabaso alikuwa amemwandalia matusi ya miezi minane, tena yamepangwa vizuri. Akamtazama, akatazama mbingu, akachukua jembe.

"Twende. Mvua haitanisubiri nimalize kukutukana."