Wimbo Ambao Hatukuuimba

Tuliombwa wimbo huo msibani, Njiro, nyumbani kwa mama mmoja mtumishi wa serikali mstaafu. Tulikuwa tumeshaimba mara mbili na mchungaji anajiandaa kwa sala ya kwenda makaburini, binti wa marehemu aliponifuata. Mimi ni katibu wa kwaya, na watu wakiwa na jambo hunitafuta mimi.

"Dada, naomba mtuimbie ule wimbo wenu mpya," alisema. "Mama alikuwa anausikiliza kila asubuhi wodini. Ukiisha, ndipo anakubali kunywa uji."

Nikauliza ni upi. Akautaja. Nikamgeukia mwalimu wa kwaya, akatikisa kichwa. Hatukuwa na wimbo wa jina hilo, na studio hatukuwa tumeingia kwa miaka mitatu. Binti akadhani tumesahau, akatoa simu na kuufungua kwenye mtandao wa muziki.

Jina la kwaya yetu lilikuwa pale. Albamu zetu mbili za zamani zilikuwepo, na juu yake wimbo huu. Picha yake ilikuwa ya mwanamke mwenye joho, nyuma yake mlima uliojaa theluji, mlima ambao si huu wetu wa Meru. Lakini picha niliitazama vizuri baadaye. Siku ile nilisikia sauti tu, na sauti ilikuwa ya dada yetu mwimbishaji.

Dada huyo alikuwa ametuongoza tangu mimi niko shule ya Jumapili. Ana sauti nzito, inayokwaruza kidogo mwishoni mwa mstari, na hakuna mtu wa usharika wetu asiyeijua. Kwa miezi miwili hakuwa amekuja mazoezini. Alituambia amehamia kwa binti yake Olasiti, kwamba ni mbali, na kifua kinamsumbua.

Tukaimba wimbo mwingine. Binti wa marehemu alisikiliza akiwa amekunja mikono.

Kwenye gari la kurudi Kijenge, wanaume wa sauti ya tatu ndio walioanza. "Kifua gani hiki, kinauma kanisani kinapona studio?" Watu wakacheka. Neno baya zaidi nililisema mimi: "Ametuona hatumtoshi. Amebeba jina letu akaenda kuimba na watu wake." Hakuna aliyenipinga. Jioni nikaandika kwenye grupu la kwaya, wote wakiona: "Hongera dada kwa wimbo mpya. Tungefurahi kama tungeshirikishwa." Aliusoma ujumbe. Baada ya muda akajitoa kwenye grupu, na mimi nikaona huo ni ushahidi wa kutosha.

Jumamosi nikaenda Olasiti. Njiani nilikuwa nayapanga maneno yangu, lipi litangulie, lipi lifuate. Binti yake alinifungulia geti bila tabasamu, akanipa kiti barazani. Mwimbishaji akatoka ndani amejifunga kanga shingoni, na jua lilikuwa kali.

"Shikamoo, dada."

Midomo yake ikacheza. Kilichotoka ni mkwaruzo tu, kama mtu anayekunja gazeti. "Marahaba."

Akaifungua kanga. Kovu lilikuwa bado jekundu, limekatiza shingo kutoka upande hadi upande. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa goita, na tangu alipoamka sauti haikuwa imerudi. Daktari alimwambia asubiri. Hakutaka tujue.

"Mngekuja kunilia nikiwa hai," alinong'ona. Kisha akanitazama. "Wewe umekuja kunigombeza."

"Ndiyo, dada," nilisema. Yale maneno yangu yote ya njiani yalikuwa yamenipotea.

Nikamfungulia wimbo. Alisikiliza amefumba macho, na kwa ubeti mzima wa kwanza nilimwona akiufuata kwa kichwa, kama anavyofanya akitaka sisi sauti ya pili tuingie. Kwenye ubeti wa pili akainua kidole. "Rudisha." Nikarudisha. Pale mwimbaji anamwomba Mungu amsimamishe barabara, yaani imara. Lakini alilitamka neno kama barabara ya magari.

"Amesimama barabarani," dada akanong'ona. "Ya kwenda Moshi au ya Namanga?"

Tukacheka wote wawili, yeye ameshika shingo kwa maumivu. Halafu akaacha. "Hajui anachokiimba. Lakini hiyo ni sauti yangu. Nani ameichukua?"

Swali hilo nikalipeleka kwa fundi wa studio aliyeturekodia albamu zetu. Ni mtu mzima, tumemfahamu miaka mingi. Alisikiliza nusu tu.

"Huu ni wa akili mnemba," alisema. "Mtu anaiandikia kompyuta anataka wimbo wa namna gani, inatunga na kuimba yenyewe. Kisha akaupandisha kwa jina lenu."

"Na sauti ya dada?"

"Inaweza kuigwa kutoka kwenye rekodi. Au zimefanana tu. Siwezi kujua."

Nikaitazama kompyuta yake. Ndani yake kulikuwa na nyimbo zetu zote, na sauti ya dada ikiwa peke yake, bila ngoma wala kinanda. "Hizi rekodi, nani mwingine anazo?"

Alinielewa. "Mama, unanishuku mimi?"

Ningeweza kusema hapana. Nikaendelea kuitazama kompyuta. Akaanza kunifungulia mafaili moja baada ya jingine, hili lilifunguliwa lini, lile lini, na mimi nikawa naitikia mambo nisiyoyaelewa. Niliondoka sijaridhika. Mpaka leo nikipita pale tunasalimiana, na sijui kama namsalimia mwizi au mtu niliyemkosea.

Mwalimu wa kwaya na mimi tukaandika malalamiko kwenye ule mtandao. Jibu lilikuja dakika ileile, likitushukuru kwa uvumilivu wetu. Nikajiuliza kama na hilo kuna mtu aliyeliandika. Wiki zikapita, wimbo ukaondolewa kwenye ukurasa wetu. Siku chache baadaye mwenzetu mmoja akaukuta kwa jina la kwaya nyingine, na picha nyingine. Tukaandika tena. Safari hii hatukujibiwa.

Niliona ni lazima nimpigie yule binti wa Njiro. Nikamweleza yote.

"Kwa hiyo yule mama anayeimba hayupo?"

"Hayupo."

"Mama yangu alikuwa anamwombea," alisema. Akanishukuru kwa adabu, akakata.

Dada yetu alirudi kwenye mazoezi baada ya Pasaka, na sauti nusu. Hawezi kuongoza tena, anasimama na sisi wa sauti ya pili, kando yangu. Siku aliporudi nilimwomba radhi mbele ya wote, nikataja nilichosema garini na nilichoandika. Alisema, "Nimesikia." Tangu hapo tunashirikiana kitabu kimoja cha nyimbo, ananifungulia ukurasa nikichelewa, lakini nyumbani kwake hajanialika.

Mwezi uliopita rafiki yangu wa kwaya ya usharika jirani alinitumia wimbo wao mpya. Ulikuwa mzuri mno, umenyooka mno. Niliusikiliza mara nne nikitafuta kosa, sikulipata, nikamwandikia: "Hawa ni ninyi kweli?"

Alinipigia saa hiyohiyo. "Tumefanya mazoezi miezi saba," alisema. "Miezi saba, halafu wewe, mwanakwaya mwenzangu, ndicho cha kuniuliza?"

Nilimwomba radhi. Nilipokata simu niliuwasha tena, mara ya tano, na bado nilikuwa natega sikio.