Nilivyopeana Mwamba wa Watu

Naikumbuka asubuhi moja hapa Embu, mwanangu, katika ukumbi wa kanisa mtaani Majimbo. Wavuvi wa nchi mbili walikuwa wamekaa pande mbili, kama watu waliokuja kwenye mazishi ya mtu wasiyempenda. Upande wa dirisha ni Wakenya. Upande wa mlango ni Watanzania, wamejifunika mashuka mpaka masikioni kwa baridi yetu. Hakuna aliyemsalimia mwenzake. Katikati nilisimama mimi, Wawira, nikitabasamu kana kwamba nimewaalika harusini, na moyoni nikijua kuwa ugomvi wote ule nimeuleta mimi kwa neno moja.

Usiniangalie hivyo. Meno yangu yote yapo, na kilima cha kwetu bado nakipanda bila kupumzika. Ila siku hizi vijana wananiita mzee, nami nimelikubali jina hilo, maana linanipa nafasi ya kusema bila kukatizwa. Kwa hivyo tulia nikusimulie.

Masomo yangu yaliishia kidato cha nne. Nyumbani ni kahawa na ndizi, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuandika majina ya wanachama katika kikundi cha kulinda mto wetu. Halafu mradi mmoja wa kuhifadhi bahari ukatafuta mtu anayeweza kukaa na wanakijiji bila haraka. Nikaomba, nikachukuliwa. Bahari nilikuwa nimeiona kwenye kalenda. Kuogelea sijui hata leo. Lakini ndoto nilikuwa nazo, mwanangu, ndoto za kujaza gunia, na kiongozi wetu alipohamia kazi nyingine, wakaniambia nishike mimi. Nikaruka kwa furaha ofisini mpaka kikombe cha mtu kikavunjika.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kule mwisho wa pwani yetu, mwamba wa baharini unaanzia Kenya na kuendelea hadi Tanzania. Pweza wanaoishi ndani yake hawana kitambulisho cha nchi yoyote. Kuna kijiji huku na kijiji kule, na wote huokota pweza maji yanapotoka na kuuacha mwamba wazi. Wakati ule pweza walikuwa wamepungua, na wachache waliopatikana walikuwa wadogo kama ngumi ya mtoto. Maafisa wa nchi zote mbili wakakubali tujaribu jambo moja: kila kijiji kitenge kipande cha mwamba wake, kisiguswe miezi mitatu, pweza wakue. Vijiji vikishikana, kazi itaendelea na kufika vijiji vingine. Visiposhikana, mradi unatoka mpakani, na ule mwamba utaokotwa mpaka libaki jiwe tupu.

Sasa, wewe umelelewa Embu na Meru, unajua tunavyoongea. Tunasema, "Peana hiyo kalamu." Tunasema, "Fulani amepeana shamba kwa kanisa." Kupeana kwetu ni kutoa, basi. Kwa hivyo nikaandika makubaliano kwa mkono wangu: "Vijiji vyetu viwili vitapeana kipande cha mwamba kwa miezi mitatu." Nikayasoma mara tatu. Nikajiona mwandishi.

Upande wa Kenya nilikuwa nimekaa nao majuma mengi nikiwachorea mchangani, kwa hivyo waliishika michoro yangu, si lile neno. Wakanielewa. Kule Tanzania nilifika siku moja tu, nikasoma karatasi, nikala wali, nikaondoka. Wao walilisikia lile neno kama lilivyo kwao: kupeana ni mimi nikupe wewe, na wewe unipe mimi. Wakaona ni mpango wa ajabu kidogo, lakini wa ujirani mwema. Wakauacha mwamba wao kwa ajili ya Wakenya, na maji yalipotoka wakaja kuvua kwenye mwamba wa Kenya, wakidhani wamepewa.

Walipokelewa kwa kelele za "Wezi! Wezi!" Wakanyang'anywa vijiti vyao vya kutolea pweza. Mzee wao, Mzee Mbaruku, mtu wa mvi na kofia safi, alisukumwa akaanguka majini mbele ya wajukuu zake.

Alinipigia simu siku ya tatu. Hakupiga kelele. Alinisomea tu ile karatasi yangu, polepole, neno baada ya neno, na alipofika "vitapeana" nikalisikia kwa sikio lake. Nikaelewa palepale. Na unajua nilimjibu nini? Nilisema, "Pole sana, mzee, hawa wavuvi wa upande wetu ni wagumu kuelewa."

Hilo ndilo kosa langu, mwanangu. Niliogopa watu waseme, mnaona, tuliwaambia huyu wa kidato cha nne hawezi. Nikanyamaza wiki mbili nzima huku watu wema wakiitwa wezi.

Hakuna kijiji kilichotaka kukanyaga kwa mwenzake kwa mazungumzo. Mwishowe Mzee Mbaruku akasema, "Tutakuja kwenu, huko mlimani, ambako hakuna wa kwetu wala wa kwao." Ofisi ikatupa nafasi hiyo ya mwisho. Ndiyo maana wakawa Majimbo asubuhi ile, wakinywa chai ya maziwa na kuulizana nani amefungulia hii baridi.

Nilizungumza saa nzima. Nikataja kasa, nikataja mikoko, nikataja watoto wa watoto wetu. Walinitazama tu. Tulipopumzika nikakimbilia jikoni nyuma ya ukumbi ili nisilie mbele yao.

Jikoni alikuwa mama yangu, Mmeru wa pande za Nchiru aliyeolewa huku Embu. Alikuwa anaponda mukimo, chakula chetu cha viazi na mahindi. Kando yake alikuwa Bi Mwanaiki, mama anayewaongoza wavuaji pweza wa upande wa Kenya, ambaye alikataa katakata kupikiwa wali na watu wasiojua nazi. Hao wawili walikuwa wameshakuwa marafiki. Mama yangu, mikono imejaa viazi, akamwambia, "Mama, peana hiyo sufuria."

Bi Mwanaiki akaangua kicheko. "Nipeane na nani, mamangu? Wewe una yako, nami nina yangu!"

"Si unipatie tu!"

"Ah, nikupe! Sasa si useme nikupe." Akamkabidhi sufuria, bado anacheka. Halafu kicheko kikakatika. Akanigeukia. Mwiko ulikuwa bado mkononi mwake.

"Wawira. Ile karatasi uliiandika wewe?"

"Ni mimi, bibi."

"Ulipoandika tupeane, ulitaka tutoe?"

"Ndiyo, bibi."

"Na wenzetu wakasikia tupeane." Akavuta pumzi. "Umejua lini?"

Ningeweza kusema ndiyo kwanza najua. Maneno hayo yalikuja hadi kwenye meno. Lakini mama yangu alikuwa ananitazama pia, na yeye sijawahi kumdanganya nikapona. "Wiki mbili," nikasema.

Sikupigwa na mwiko, lakini heri ningepigwa. Bi Mwanaiki alinisemesha kwa sauti ya chini kabisa. "Neno kukuteleza, mwanangu, nakusamehe sasa hivi. Hata mimi hapa kwenu nimeomba chumvi nikaletewa sukari. Lakini mimi kwa kinywa changu hiki nimemwita yule mzee mwizi. Nimelala na hilo neno siku zote hizo, na wewe ulikuwa na uwezo wa kuniondolea, ukakaa kimya ukijipenda. Kiongozi hafanyi hivyo. Nenda ukaseme. Nenda kabla wali haujaiva, maana sitapakua chakula kwa watu niliowadhulumu."

Mama yangu akaongeza kwa Kimeru maneno ambayo sitayasema hapa.

Nikaenda. Nikasimama mbele yao nikasema yote: neno, simu ya Mzee Mbaruku, uongo wangu, wiki mbili. Nikasema, "Hakuna mwizi humu ndani. Walikuja kwa sababu karatasi yangu iliwaita. Mkitaka niondoke kwenye kazi hii, nitaondoka leo."

Nilisikia mtu akipiga chafya. Mzee Mbaruku akalishusha shuka lake kutoka masikioni.

"Ngoja nielewe," akasema. "Kwenu huku, mtu akipeana, anatoa?"

"Ndiyo, mzee."

"Na yeye anapewa nini?"

"Hapewi kitu, mzee."

Akawageukia wenzake. "Jamani, kumbe watu wa huku wakarimu namna hii, na mimi nimewanunia bure!"

Mtu mmoja akacheka upande wa mlango, mwingine akaitikia upande wa dirisha, na kile kicheko kikazunguka ukumbi mzima kama moto kwenye majani makavu. Bi Mwanaiki akatoka jikoni na mwiko wake. Alivuka ule ukumbi peke yake mpaka mbele ya mzee.

"Shikamoo, kaka. Nilikuita mwizi. Nakutaka radhi, mimi na kijiji changu."

"Marahaba, dada. Yameisha. Lakini vijiti vyetu?"

"Tumekuja navyo vyote. Vimo garini."

Nikadhani tutarudi kwenye karatasi ya zamani, tusahihishe neno, tuondoke. Mzee Mbaruku akakataa. "Sisi tuliitikia kupeana," akasema, "na mimi sirudishi neno. Basi tupeane kweli. Miamba yote miwili ipumzike. Wetu mtulindie nyinyi, wenu tuwalindie sisi. Nani atathubutu kuiba alichoachiwa na jirani akilinde?"

Bi Mwanaiki akapiga mwiko kwenye kiganja. "Hapo sasa umesema!"

Waliandika karatasi mpya wao wenyewe, kwa Kiswahili chao. Kazi yangu ikawa kushika kalamu na kunyamaza. Halafu tukala wali wa nazi na mukimo kwenye sahani moja, na Watanzania wakaomba waongezwe mukimo.

Miezi mitatu hakuna aliyeugusa ule mwamba. Siku ya kuufungua, maji yalitoka mbali sana, jua linawaka, na vijiji vyote viwili vikaingia vikiimba. Mwanangu, laiti ungekuwepo! Pweza walitoka mashimoni wanene, mikono mirefu kama mikanda. Mzee Mbaruku alinikabidhi mmoja aliyenizunguka mkono wote mpaka begani, nikapiga yowe la Kiembu, na Bi Mwanaiki akacheka hadi akakaa chini majini na kanga zake. Siku hiyo hakuna nyumba iliyokosa kitoweo, huku wala kule. Mwaka uliofuata vijiji vingine vya pande zote mbili vikaja wenyewe kuomba kupeana, na neno langu lililopinda ndilo wanalotumia hadi leo kuita kazi ile. Nami hawakuniondoa. Nimeongoza mradi ule mpaka leo, na kila makubaliano kabla ya kuwekwa sahihi namwomba mtu anisomee, kisha aniambie kwa maneno yake amesikia nini.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Ukitumwa kuongoza watu wa mbali, usihesabu uliyoyasema, uliza waliyoyasikia. Ukikosea, sema mapema, sema mbele ya wale ulioumiza, na useme kosa lote bila kujipunguzia. Usimwache mtu mwema abebe jina baya kwa sababu wewe unaogopa kuonekana mjinga. Na kusoma kidogo kusikuzuie kuota makubwa. Kazi ya kuunganisha watu ina nafasi yako.

Mungu akupe ulimi mnyofu na moyo usioona haya kuomba radhi. Akuzungushie wazee wa kukukemea kwa upendo na wenzako wa kucheka nawe unapoteleza. Popote utakapotumwa, milimani au baharini, watu wa pande zote wafurahi kwamba ulifika. Amina.