Ngazi Thelathini na Moja

Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini alasiri niliposikia bakora ya Babu ikishuka ngazi, na Babu tulikuwa tumemzika jana yake.

Nilikuwa na miaka tisa. Nilikaa kwenye baraza ya ndani nikichambua mchele, harufu ya ubani wa matanga ingali imeganda kwenye mapazia. Tok. Kimya kidogo. Tok. Shangazi mmoja alisema ni panya. Mwenzake akamwambia panya wa nyumba hii basi wana adabu, maana wanatua kila ngazi kama wazee. Walicheka, kisha wakaacha, kwa sababu ile sauti haikuacha.

Nilikuwa mtoto wa kuhesabu. Tangu chumba cha Babu, ghorofa ya pili, mpaka uani, nyumba yetu ya mtaa wa Malindi ina ngazi thelathini na moja. Nilihesabu tok thelathini na moja. Kisha hatua chache za kuburura kwenye sakafu ya ua, na mwisho wake mlango wa chumba cha kuni, kando ya jiko. Hapo palinyamaza. Siku ya pili, saa ile ile, ikawa vile vile. Nikaanza kuandika kwenye daftari la skuli: siku, saa, idadi. Jambo moja lilinitisha kuliko sauti yenyewe. Kila siku alishuka. Hata siku moja sikumsikia akipanda.

Lazima nirudi nyuma kidogo. Wiki ya mwisho ya maisha ya Babu, kazi yangu ilikuwa kumpepea kwa kipepeo cha ukindu. Alikuwa hatujui tena. Lakini alasiri jua likigeuka, alikuwa akitazama mlango wa ngazi na kuuliza kwa sauti ndogo, sauti ya mtoto aliyekatazwa jambo:

"Mama Mize, nshuke?"

Sikumjua Mize yeyote. Ukumbini kwetu ilitundikwa shajara ya ukoo, mti wa majina ya wazee wetu, ndani ya fremu ya msaji, na pale mama yake Babu aliitwa Bi Sheikha, mwanamke wa Maskati. Kila mgeni alionyeshwa jina hilo kabla hajapewa kahawa.

Siku ya maziko wanaume walirudi na udongo viatuni. Bibi, mke wa Babu, alikuwa ameshavaa nguo nyeupe za eda. Hakumuuliza Ami Seif, mtoto wake mkubwa, kama watu walikuwa wengi. Aliuliza jambo moja tu.

"Kwenye talkini, mmemwita mwana wa nani?"

Kwetu maiti akishafukiwa, mwalimu hukaa kichwani pa kaburi akamsomea talkini, akimkumbusha majibu atakayowapa malaika. Na hapo haitwi kwa jina la baba. Huitwa kwa jina la mama.

"Mwalimu kaniuliza, nikamwambia Bi Sheikha," alisema Ami. "Nimwambie nani tena?"

Bibi aliweka kikombe chini. "Si bora ungesema hujui? Angeitwa mwana wa Hawa, na Hawa ni mama wa sote. Sasa umemwita kwa mtu mwengine. Ataitika vipi?"

"Mama, watu wanasikia."

"Na yeye anasikia."

Nilikuwa nyuma ya mlango, na jina la Mize lilikuwa mdomoni mwangu kama kokwa ya tende. Sikulisema. Usiku nilimwambia Bibi peke yake. Alinishika mkono kwa nguvu, akaniambia nisilitaje mbele ya Ami, na hakuniuliza nimelisikia wapi.

Bakora ilipoanza kushuka, Bibi hakushtuka. Siku ya nne alitoa kuni zote katika kile chumba kwa mikono yake, akakifagia, akatandika mkeka, akauacha mlango wazi. Wakamwambia kuni zitaroa mvua. Akajibu, "Ziroe." Kuanzia siku ile hatua zilipita mlangoni zikaingia ndani.

Ami Seif alihamia shamba, Tunguu, kabla ya arubaini. Alisema ngazi za mjini zinamchosha. Alikuwa na miaka thelathini na nane.

Sisi tuliobaki tulizoea. Bibi naye alifariki, wengine wakaolewa, wengine wakahama, nikabaki mimi. Sitaki kumdanganya msomaji. Najua boriti za zamani hulia jua linapogeuka. Nimepima joto la ngazi ile miezi sita, na nimeziba kila tundu la panya. Sikupata jibu la kuniridhisha, nikaliacha.

Mwaka jana vijana wa ukoo walitaka shajara ichapwe upya, kila tawi lipate nakala. Wakanituma mimi nihakikishe majina, kwa kuwa nimejifunza mwenyewe kusoma hati za zamani za Kiarabu. Nilikwenda kwenye nyumba ya nyaraka kwa asubuhi tisa. Asubuhi ya tano nililetewa hati ya wakfu wa nyumba yetu, karatasi ya rangi ya chai, imetobolewa na wadudu ukingoni. Baba yake Babu aliiweka nyumba wakfu kwa ajili ya roho ya marehemu mkewe, Sheikha, akataja na siku ya kufa kwake. Mstari wa chini aliongeza: chumba cha uani kando ya jiko akae Mize binti Feruzi, niliyemwacha huru, maisha yake yote, asitolewe na mtu.

Asubuhi ya tisa nikaliona daftari la vizazi. Mtoto: Nassor, yaani Babu. Mama: Mize binti Feruzi. Nililinganisha tarehe mara tatu. Kwa mujibu wa shajara yetu, Bi Sheikha alimzaa Babu miaka miwili baada ya yeye mwenyewe kuzikwa.

Nilichukua nakala za hati zote mbili nikaenda Tunguu. Shajara haiandikwi bila ya mkubwa wa ukoo kuridhia, na mkubwa sasa ni Ami Seif.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta makaratasi."

Nilimsomea polepole. Nilipomaliza alikuwa akitazama mikono yake.

"Nlijua," alisema. "Bi Mize alikaa kile chumba mpaka kufa kwake. Mchana Babu yako alikuwa mtoto wa juu, akitajwa kuwa mtoto wa Bi Sheikha. Alasiri wageni wakishaondoka, anaruhusiwa kushuka kwa mama yake. Kanihadithia mwenyewe. Mwalimu akaniuliza mbele za watu wote wale, nikasema lililo rahisi." Kisha akauliza bila ya kuniangalia: "Bado anashuka?"

"Naam, Ami."

Alianza kutafuta viatu vyake. "Liandike jina lake. Na mimi nipeleke nyumbani."

Tulifika saa kumi na dakika kumi. Hakuweza kupanda, akakaa kwenye kigoda uani, akielekea kile chumba. Wakati ulipofika alisema kwa sauti ya kukauka: "Ewe Nassor mwana wa Mize." Basi, hilo tu.

Nilihesabu thelathini na moja. Hatua zilipita mbele yetu, zikaingia. Kisha nikasikia jambo ambalo sikupata kulisikia kwa miaka arobaini na moja: mlango wa chumba cha kuni ukirudishwa taratibu, na kitasa kikitiwa kwa ndani.

Utotoni niliogopa kwa kudhani kwamba Babu anarudi kwetu, na siku moja atasimama mbele yangu aniulize kwa nini nilinyamaza. Sasa naelewa kwamba hakuwa akitutafuta sisi. Alitupita tu, kila alasiri, kama mtoto aliyeruhusiwa hatimaye. Mlango ule haujafunguka tena, wala sijaujaribu. Kuni zangu naziweka nje, chini ya bati.