Taulo za Wifi

Watu wakisikia mwanamke ana wivu, hudhani ni wivu wa mume. Mama Kola hakuwa na shida hiyo. Mume wake alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu; akirudi amerudi, asiporudi kazi inaendelea, na sikumsikia hata siku moja akiuliza amelala wapi. Wivu wake wote aliuweka kwa binti yake, mtoto wa pekee, na aliyelipishwa wivu huo ni wifi yake, msusi wa ng'ambo ya barabara.

Nasema ninachokijua. Mimi ni fundi cherehani, na kwa miaka mingi tumegawana baraza moja, mimi na cherehani yangu upande huu, yeye na meza yake ya pasi upande ule. Alikuwa dobi, na dobi hasa. Hakuwa na mashine, alikuwa na makarai, kamba zake mbili, mikono iliyochubuka, na jicho. Umpelekee shati, kabla hujamaliza salamu keshaigeuza kola, keshakujua wewe ni mtu wa namna gani. Ndiyo maana tukamwita Mama Kola. Kwake yeye mtu wa kola chafu alikuwa mchafu mpaka rohoni, na wa kola safi alikuwa mtu wa watu. Mpangaji mmoja alikosa chumba katika nyumba yetu kwa sababu ya kola tu, maana mwenye nyumba naye alikuwa akimsikiliza.

Na hivyo ndivyo alivyomlea mtoto. Binti alipovunja ungo, mama yake alimkalisha kwenye kigoda pale pale barazani, akampa somo fupi kuliko kunyoosha suruali moja. Akamwambia kuna magonjwa mabaya ya wanaume, yanatoka kwa watu wachafu, na mchafu anajulikana: tazama kola, tazama kucha, tumia pua yako. Tena asitumie beseni la mtu, wala taulo ya mtu, wala choo cha watu wengi. Binti alifungua mdomo kuuliza kitu. Mama yake akamkata, mtoto mwenye adabu haulizi mambo hayo, akamkabidhi vibanio akaanike nguo. Somo likaishia hapo, na kwa miaka yote iliyofuata Mama Kola alijisifu kwangu kwamba yeye mwanawe amemwambia, si kama wazazi wengine wanaojitia hamnazo.

Wifi yake alikuja kuhamia mtaani kwetu baada ya ndoa yake kuvunjika. Hakuwa na mtoto. Alifungua chumba cha kusukia, kioo kimoja, viti vitatu, na taulo za manjano alizoanika nyuma ya nyumba, ncha zake tu zikionekana kutoka barazani kwetu. Alikuwa mtu wa kucheka, na binti, ambaye wakati huo alikuwa amemaliza shule akingoja kuingia chuo, akawa hatoki huko. Jioni tulikuwa tukiwasikia wawili hao wakicheka mpaka wanakosa pumzi. Pasi ya Mama Kola ilikuwa ikisimama juu ya nguo. Aliunguza suruali ya mwalimu mkuu kwa ajili ya kicheko kile kile.

"Sijui wanacheka nini," alikuwa akiniambia. "Mimi nikimuuliza habari za leo, ananijibu nzuri. Basi, nzuri."

Niseme ukweli, alinichosha. Kila alichofanya wifi kilikuwa na kasoro. Kucha ndefu za nini, mtu anataka kuchimba kisima? Mbona anaongea na mtoto kwa sauti ya chini? Mtu asiye na mtoto akimganda mtoto wa mwenzake, huyo ana lake jambo. Siku moja akaamua naye atamsuka binti yake. Alimshika kichwa asubuhi nzima, mistari ikaenda kombo, mmoja ukaishia juu ya sikio. Binti akashukuru kwa adabu, akajifunga kitambaa. Kesho yake kitambaa kilikuwa kimetoka na mistari imenyooka, kazi ya shangazi. Nywele tu, lakini Mama Kola hakula siku ile.

Kilichomrudishia tabasamu kilikuwa kazi yake, na mteja mmoja zaidi ya wengine. Huyu alikuwa kijana wa duka la simu, mrefu, mpole, mwenye mashati meupe. Mama Kola alikuwa akiinua kola ya kijana yule juu ili binti aione. Anamwambia, haya, mtu ndiye huyu, hata mstari wa jasho hana. Alisema hivyo wiki baada ya wiki.

Kisha nguo za binti zikaanza kupungua kwenye karai. Mtu mwingine asingeona, lakini dobi anajua idadi ya nguo za nyumbani kwake bila kuhesabu. Nguo za ndani za binti zilikuwa haziji kabisa. Mama Kola alipouliza, aliambiwa, "Nafua mwenyewe, mama, nimekua." Akaniletea jambo hilo. Hata uchafu wa mwanangu nao wifi ananinyang'anya, alisema. Wala hakuogopa chochote. Alikuwa ameona kijicho tu.

Alivuka barabara mchana, wifi akiwa na wateja, akazunguka nyuma ya nyumba. Kwenye kamba ya wifi, kati ya taulo za manjano, alizikuta nguo za mwanawe. Akaziangalia kwa jicho lake lile, akaona doa ambalo sabuni haikulimaliza, rangi isiyo ya kawaida. Alijua kwamba si afya ile. Alimwita binti kutoka chumba cha kusukia, akamvuta pembeni, akamuuliza anaumwa nini. Binti akainamisha kichwa, akajibu kwamba ameshakwenda kliniki na shangazi, na dawa anatumia.

Sasa mwenye akili zake angeuliza ni ugonjwa gani. Mama Kola alisikia neno moja tu, shangazi. Akakumbuka somo lake mwenyewe la kigodani, na hapo akafunga hesabu: mtoto amekaa kwa nani? Amejifuta kwa taulo za nani? Alirudi kwenye ile kamba akazivuta taulo zote, akazileta nyumbani kwapani, akawasha mkaa, akaweka lile sufuria kubwa, akatia magadi. Akachemsha. Mvuke ulijaa uani, na yeye akageuza taulo kwa mti akisema kwa sauti ya kufika ng'ambo kwamba leo ataua vijidudu vya watu.

Wifi alitoka mbio, chanuo bado mkononi. Nusu ya mtaa ilikuwa imeshasogea. Binti akaja nyuma yake, na Mama Kola alipowaona wameongozana ndipo akalitamka lile neno.

"Umemwambukiza mwanangu kwa uchafu wako. Kama unataka mtoto, zaa wako."

Nilisimamisha cherehani. Yule mwanamke wa kucheka hakucheka, wala hakujibu kwa ukali. Alimsogelea, akasema kwa sauti ambayo sisi wa karibu tu tuliisikia.

"Unadhani sikutaka kuzaa, wifi? Kisonono alinipa mume wangu, ndani ya ndoa, mtu anayeoga asubuhi na jioni. Sikuumwa, sikuwashwa, sikuona kitu. Nilikuja kupimwa kwa sababu sishiki mimba, nikaambiwa mirija ya uzazi imeziba siku nyingi. Mtoto wako ameniuliza mapema, nimemuwahisha kliniki. Na wewe nilitaka kukwambia. Kila nikivuka barabara unanigeuzia mgongo."

Mama Kola aliuachia mti ndani ya sufuria. Akamgeukia binti, akamuuliza ni nani. Alitaka mchafu wake, amwone, amlaani.

"Uliniambia niangalie kola, mama," binti akasema. "Niliangalia."

Hakutaja mtu. Aliangalia tu juu ya meza ya pasi, ambako mashati meupe ya kijana wa duka la simu yalikuwa yamekunjwa vizuri, yakingoja mwenyewe.

Sitaeleza sana jinsi Mama Kola alivyokaa chini. Watu waliona aibu ya kuangalia, wakaondoka. Taulo zilichuja rangi, manjano ikawa kama maji ya chai, na wifi alizikamua mwenyewe, akaziacha kwenye kamba ya Mama Kola.

Kesho yake walikwenda kliniki wote watatu, kwa kuwa binti alitakiwa kurudi aangaliwe na apimwe virusi vya ukimwi. Mama Kola alinisimulia baadaye, tena kwa mdomo mchungu. Kwanza muuguzi alimsalimu wifi kama mtu wa nyumbani, hilo likamuuma. Pili, alipouliza nani aingie na mgonjwa, binti alisita, akamshika shangazi mkono, kisha akasema na mama aingie. Neno lile "na mama" alilirudia kwangu mara nyingi. Kuzaa nizae mimi, kisha niongezwe mwishoni kama kiraka.

Lakini aliingia, na jambo la kwanza alilouliza ni taulo. Muuguzi hakumcheka. Akamweleza kwamba kisonono hakipiti kwenye taulo, wala choo, wala sahani, wala kushikana mikono. Kinapita kwa kujamiiana bila kinga, na mama mwenye nacho anaweza kumpa mtoto wakati wa kujifungua. Usafi wa mtu hauhusiki. Wengi walio na magonjwa ya namna hii hawaoni dalili yoyote, wanawake zaidi, lakini hata wanaume wapo, kwa hiyo mtu anaambukiza akiwa hajui kama anaumwa. Kujua ni kupima. Kondomu inapunguza sana hatari, ikitumika kila mara. Dawa zinamalizwa hata kama umeshajisikia vizuri, na mwenzako naye atibiwe, la sivyo mtakuwa mnarudishiana. Yako mengine, kama virusi vya ukimwi, ambayo hayaponi lakini yana dawa za kuishi nayo. Mwisho akamuuliza Mama Kola kama haya aliwahi kuzungumza na binti yake. Wifi alikuwa pale, anasikia. Mama Kola akasema hapana.

Binti alikuwa amemwambia yule kijana mapema, na kijana alikuwa amekataa kupima. Binti akaachana naye. Lakini mashati hayajui habari za kuachana, na Jumamosi kijana akaja, ameleta fungu la kufuliwa na kuchukua lililo tayari. Nilijiandaa kwa vurugu. Nilisogeza hata mkasi wangu mbali.

Mama Kola alimpokea kama mteja. Akamuuliza, bila kupandisha sauti, kama amekwenda kupima.

"Mimi mzima, mama," kijana akasema, akitazama viatu vyake. "Ningekuwa naumwa ningejua."

Mama Kola alitoa shati moja kwenye lile fungu lisilofuliwa, akaigeuza kola. Safi. Akapapasa kifuani mwa shati kwa kidole, kidole kikasimama mahali. Akamuuliza kijana analionaje, kijana akasema hilo wala halikuwa na haja ya kufuliwa, amelivaa mara moja. Basi Mama Kola akalitandaza mezani likiwa kavu vile vile, akalikandamiza kwa pasi ya moto. Alipoinua, palikuwa na doa la kahawia, pana, limetambaa mpaka karibu na vifungo.

"Soda nyeupe," akasema. "Ilikumwagikia ikakauka. Ilikuwepo muda wote, hukuiona wewe wala mimi. Dawa ipo, mwanangu. Nenda, usije ukampa na mwingine."

Miaka yote alilijua doa lile, kwenye nguo. Kijana alichukua mashati yake akaondoka haraka, na fungu chafu akalisahau. Kama alikwenda kupima mimi sijui, na Mama Kola naye hakujua.

Ndipo tukamwona binti amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia yote. Tangu azaliwe hakuwahi kumsikia mama yake akizungumza jambo hilo na mtu bila kumfukuza. Akavuta kile kigoda, akakaa karibu na meza ya pasi, karibu kabisa, mahali ambapo hakuwa amekaa kwa muda mrefu. Mama yake aliendelea kunyoosha, pasi ikirudia mahali pale pale. Alikuwa akiogopa hata kupumua, mtoto asije akaondoka.

"Mama, nikuulize kitu?"

"Uliza."

"Kile kipimo cha virusi vya ukimwi kimeonyesha sina. Mbona nimeambiwa nirudi nipime tena?"

Mama Kola alifungua mdomo. Nilimtazama, maana namjua: alikuwa tayari kutunga kitu chochote ili binti yule aendelee kukaa kwenye kigoda kile. Kutoka ng'ambo tulikuwa tukimsikia wifi akicheka na mteja. Mama Kola alisikiliza kicheko kile, uso wake ukakunjamana.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Twende tukamuulize shangazi yako."

Akazima pasi, akatafuta kandambili zake chini ya meza, akachukua na zile taulo zilizochuja, ambazo alikuwa amezinyoosha moja moja bila kuniambia. Binti akampokea nusu ya mzigo. Wakasubiri gari moja lipite, wakavuka.