Pikapu Iliyofupisha Barabara ya Makambako

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa spana na kukatazwa kufungua chochote. Hiyo ilikuwa enzi ya Mwingereza, katika karakana ya barabara pale Njombe. Mkubwa wangu tulimwita Fundi Mkuu, Kalasinga mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. "Shika, zoea uzito," aliniambia, akaenda zake. Nilisimama na ile spana tangu asubuhi hadi kengele ya kutoka, mwezi wa saba, chuma kikinigandisha vidole. Kesho yake akaniuliza ni ya namba ngapi. Sikujua. Akanirudishia nishike siku ya pili.

Nawaeleza haya ninyi vijana mnaodhani ufundi ni kuwa na vifaa. Sisi tulikuwa na jeki mbili, moja ikiwa mgonjwa. Tulichokuwa nacho kwa wingi ni tope. Udongo wa huku ukinyeshewa huteleza na kunasa vyote kwa pamoja, na malori yaliyobeba magome ya miwati, ile miti ya dawa ya ngozi, yalikuwa yamechimba mifereji miwili barabarani, katikati pakabaki tuta. Gari dogo likipita hapo, magurudumu yanazama mferejini na difu, yaani lile bonge la chuma katikati ya ekseli ya nyuma, linakaa juu ya tuta kama kuku anayeatamia.

Aliyeatamia mara nyingi kuliko wote alikuwa Bwana Barabara, Mzungu aliyesimamia barabara yote kutoka Njombe hadi Makambako. Alikuwa mfupi, mwenye haraka, na kila alipokwama alirudi karakana ametapakaa tope mpaka nyusi.

"Fundi!" alifoka siku moja. "Hii motokaa tumbo yake nagusa chini. Mimi nataka juu. Juu sana!"

Siku hizi mnaagiza vifaa vya kuinulia gari vikiwa ndani ya boksi, na karatasi ya maelezo juu. Sisi tuliinua pikapu ile kwa akili. Mbele tuliongeza mabamba ya springi, tukiyatoa kwenye lori lililokufa. Nyuma tuliweka vipande vya mti mgumu kati ya ekseli na springi, na kwa kuwa yubolti, zile bolti zilizopinda kama U za kushikilia, zikawa fupi, Fundi Mkuu alimwita mhunzi wa Kipangwa kutoka upande wa Ludewa. Mzee yule alizigeuza zile bolti mkononi, akacheka, akasema babu zake walikuwa wakiyeyusha chuma hiki kutoka kwenye mawe wakati wenye motokaa bado wanapanda punda. Akafua nne mpya, na hazikulegea hata siku moja. Tukarefusha mpira wa breki usije ukakatika. Tukakata madigadi, kisha tukafunga matairi ya lori dogo, manene, yenye meno.

Tulipomaliza Fundi Mkuu aliizunguka pikapu, akanigeukia.

"Sikia. Mita ya maili haioni barabara. Inahesabu mizunguko ya gurudumu tu. Tairi kubwa inazunguka mara chache. Kila maili nane, yeye atasema saba. Ukimpelekea bwana gari, mwambie."

Nikaipeleka. Bwana Barabara alipoiona alipiga makofi. Hakuweza kuipanda, mpishi wake akaleta sanduku la kukanyagia, na tangu siku ile sanduku lile likasafiri kila ilikokwenda pikapu. Alipofika kwenye usukani alitazama huku na huku akasema, "Sasa mimi naona mlima ya Kitulo!" Alifurahi mno. Nikaona si vizuri kumharibia mtu furaha yake kwa habari za mita. Nitamwambia kesho, nikajisemea.

Kesho yake akatupakia mimi na mawe yaliyopakwa chokaa, twende tukapande mawe mapya ya maili mpaka Makambako. Alikuwa akipima kwa mita ya pikapu.

Nilikaa nyuma na mawe yangu, nikijua. Kila alipopiga breki nikashuka, nikachimba, nikapanda jiwe mahali ambapo halikustahili kuwa. Ulimi ulikuwa mzito kuliko mawe. Tulipofika Makambako mita ilionyesha barabara imepungua maili nne tano kuliko ilivyoandikwa zamani, na Bwana Barabara akaanza kutafuta sababu. Mwezi uliopita alikuwa amenyoosha kona tatu. Akahitimisha kwamba ni zile kona. Akawaandikia wakubwa wa jimbo kuwa ameifupisha barabara, nao wakamjibu kwa barua ya pongezi, akaitundika ukutani.

Baada ya hapo ungemwambiaje?

Sasa niwaambie kilichonipata. Barabara ilitunzwa na magenge, kila genge na nyapara wake, na kila genge lilipewa maili yake, jiwe hadi jiwe, ya kuzibua mitaro. Manyapara wengine walipoona maili haziishi, walipunguza kina cha mtaro kimyakimya. Mmoja hakupunguza. Huyo ni Mzee Mwalongo wa Kichiwa, mzee wa kanisa la Kilutheri, mtu ambaye jembe lake lilikuwa safi kuliko sahani za watu. Alikuwa na binti anaitwa Yudita, na mimi nilikuwa nimeshamtuma mshenga, mume wa shangazi yangu, akaniombee.

Nilikuwepo, uvunguni mwa pikapu, siku Bwana Barabara alipomwita.

"Genge yako kila siku nabaki nyuma. Kwa nini? Pombe ya mianzi! Ulanzi!"

"Bwana, mimi ni mzee wa kanisa. Ulanzi nauona kwa macho tu," alijibu Mzee Mwalongo. "Maili yako imezidi. Nimeipima kwa hatua zangu mara tatu."

"Maili ni maili! Jumamosi mtaro haijaisha, wewe nakwenda nyumbani."

Yule mzee akavaa kofia yake taratibu, akaondoka. Mimi nikabaki uvunguni ingawa kazi ilikuwa imekwisha.

Siku mbili baadaye mshenga wangu akaja, uso umemshuka.

"Mwanangu, habari ile tuisimamishe," alisema. "Neno la ulanzi limefika kanisani. Jumapili wanakaa kikao, huenda wakamvua uzee wake. Mtu akiwa na msiba wa namna hiyo humwendei na maneno ya posa."

Aibu iliniingia mpaka kwenye mifupa. Mtu mzima asiyeonja ulanzi maisha yake yote anaitwa mlevi kwa sababu mimi nilipenda kumwona Mzungu akitabasamu. Nikaenda kwa Fundi Mkuu.

"Ulimwambia bwana habari ya mita?" aliuliza kabla sijafungua kinywa.

"Hapana."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Basi nenda mwambie sasa. Mimi nakuja nyuma yako. Mbali kidogo."

Nilimweleza Bwana Barabara huku nikitazama ile barua ukutani. Hakuniamini. Akaagiza mnyororo wa kupimia utolewe stoo, ule ambao ukiulaza chini mara themanini unapata maili moja kamili, tukaenda kwenye kipande cha Mzee Mwalongo. Mimi nilivuta mbele, Fundi Mkuu nyuma, Bwana Barabara akihesabu kwa sauti, na genge zima likitufuata kama watu walio mazikoni. Mzee Mwalongo alitembea pembeni, kofia mkononi.

"Themanini," alisema Bwana Barabara, akainua macho. Jiwe lilikuwa bado mbali, jeupe, limetulia. Tukavuta mara kumi na moja zaidi, na kipande. Ni kama yadi mia mbili na hamsini za ziada, ambazo genge lile lilikuwa limezichimba kwa kina chake chote.

Masikio ya Bwana Barabara yaligeuka rangi ya nyanya. Lakini nitasema haki yake: alivua kofia mbele ya genge zima, akampa yule mzee mkono. "Mzee, pole. Wewe sema kweli. Leo mimi nakwenda kwa padre wako, nasema mwenyewe."

Kwa Walutheri si padre, ni mchungaji, lakini hakuna aliyemrekebisha. Kisha akanigeukia mimi. "Wewe. Makambako."

Ndivyo nilivyohamishiwa Makambako, kwenye banda lenye jeki moja, na hiyo ndiyo ile mgonjwa. Mawe hayakung'olewa, kwa sababu ya ile barua. Magenge yalipimiwa upya kwa vigingi. Bwana Barabara wa pili alipofika alipima kwa gari lake la kawaida, akaandika kwamba aliyemtangulia alizembea mpaka barabara ikarefuka.

Nilifanya kazi chini ya wakubwa wengi baada ya hapo, na nimestaafu nikiwa na vidole tisa na nusu na sina deni la ukweli kwa mtu. Vijana wanaponiletea pikapu walizoinua, nawasifu, kisha nawaambia: kuinua gari ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kumwambia mwenyewe kilichobadilika, hasa akiwa na furaha.

Mzee Mwalongo alinipa binti yake. Hakuwahi kuniuliza nilijua tangu lini. Aliyeniuliza ni Yudita, wiki ya kwanza ya ndoa, akimenya viazi. Nikamwambia: tangu jiwe la kwanza. Akaendelea kumenya mpaka viazi vikaisha. Kisha akainuka, akaniletea jembe, akasema mtaro wa shamba la baba yake umeziba, niende nikazibue yadi mia mbili na hamsini.

Nilichimba siku nne. Siku ya nne jioni mkwe wangu alikuja, akatazama kina. Akaanza kuupima kwa hatua zake, polepole, kutoka mwanzo. Alipofika mwisho nilipokuwa nimesimama nimeegemea jembe, alinipita, akaenda mbele hatua nyingine kumi, akasimama hapo kama lile jiwe la maili, akanigeukia.

"Bado," alisema.