Anaanika kivulini ili vijana wapite

Saa moja asubuhi, mfuaji wa kituo cha afya anakung'uta shuka la kwanza na kulitandaza kwenye kamba. Ni nyuma ya jengo, ambako jua huchelewa kufika. Mbele, penye jua tele, kamba nyingine haina kitu. Hajakosea. Leo ni siku ya vijana.

Mashuka yakishajaa kambani, huficha njia nyembamba itokayo kijilango cha uani hadi chumba cha muuguzi wa vijana. Anayepita humo huonekana miguu tu.

Chumba hicho kilibaki kidogo kigeuzwe stoo. Dawa zilikuwepo, muuguzi alikuwepo, vijana ndio hawakuonekana, maana ilibidi wapite mbele ya benchi la kina mama. Na benchi lile, mfuaji anasema huku akicheka, lina macho na lina mdomo.

"Binti akikaa pale na mafua yake, hajafika nyumbani keshakuwa mjamzito."

Nafuu ilikuja kwa bahati. Kamba ya mbele ilikatika, akaanika nyuma, na siku hiyohiyo wakaingia wasichana wawili. Muuguzi akamwomba aendelee vivyo hivyo. Sasa nguo hukauka jioni badala ya adhuhuri, naye huchelewa kurudi nyumbani, kwa mshahara uleule usiofika mwisho wa mwezi. Alijiwekea sharti moja tu: kijana akipita, yeye hugeukia upande wa pili.

Mwaka jana sharti hilo lilimlemea. Kibanio kilimponyoka, mkono ukapenya chini ya shuka kumrudishia.

"Shikamoo," sauti ikasema.

Akaitikia marahaba bila kuchungulia. Lakini sauti aliijua. Ilikuwa ya mjukuu wake, anayemlea mwenyewe.

"Nilishika pindo la shuka," anasema. "Nilitaka kulifunua nimuulize, mwanangu, una nini? Nikajiambia, nikifunua leo, kesho hapiti mtu."

Nyumbani alipika, wakala, akameza swali pamoja na chakula. Siku chache baadaye binti alisema mwenyewe. Kwa miezi mingi hedhi ilimtoka kupita kiasi, akawa anaona kizunguzungu na kukosa masomo. Muuguzi alikuta damu imepungua sana, akamtibu. Leo yuko darasani, mzima kabisa.

"Nilimsalimia makusudi," anaeleza mjukuu, ambaye leo amekuja kumsaidia kukamua mashuka. "Nilitaka nione kama ataniuliza. Hakuniuliza, ndiyo maana nikaweza kumwambia."

Bibi anafuta macho kwa ncha ya kanga.

"Namshukuru Mungu, namshukuru muuguzi, na ile kamba iliyokatika naishukuru pia. Ninachoomba ni siku watoto hawa wapite mbele bila kuona haya. Siku hiyo nitaanika juani, mashuka yakauke mpaka yasimame yenyewe."

Kijilango kinalia. Bibi na mjukuu, wote wawili, wanageukia upande wa pili.